Marahaba Ambayo Sekela Hakuisema

"—marahaba! Eti nimesema marahaba! Mkunde, niangalie usoni, mimi hilo neno limenitoka saa ngapi?"

Mkunde alikuwa na kiazi cha moto mdomoni, kumeza hawezi, kutema hawezi. Akausukuma mlango wa stoo kwa kisigino mpaka ukafunga, ndipo akameza.

"Punguza sauti wewe. Na umesikiaje? Kiti hasikii sauti yake inavyotoka huko nje."

"Nimevaa hedifoni za watu."

"Umefanyaje?"

Ukungu ndio uliosababisha. Isumbe iko juu milimani, na asubuhi ile ukungu uliingia mpaka ndani ya kituo cha umeme wa mvuke, kila mtu anakimbilia rafu ya vifaa huku anatetemeka, mkono wa Sekela ukadaka jozi ya fundi wa valvu badala ya yake. Kwa nje zote ni za njano, zote zimechubuka. Tofauti iko ndani. Hedifoni za mafundi zinaleta kile wanachosikia wote. Za Kiti zinamrudishia mwenyewe sauti yake ya kuzaliwa, asije akachanganyikiwa katikati ya kazi.

Na Kiti ndiye nani? Hapo ndipo penye utamu wenyewe. Mkuu wa zamu pale Isumbe hana jina wala sura. Kila mfanyakazi amebandikwa kibandiko kooni, kidogo kama kifungo cha shati, kinachodaka maneno ukiyasema kimoyomoyo, mdomo umefungwa, maana mvuke unaotoka ardhini una kelele kiasi kwamba kupayuka ni kujichosha bure. Maneno ya fundi yanafika masikioni mwa wenzake kwa sauti yake mwenyewe. Ya Kiti yanapitia kwanza kwenye mtambo unaoitwa Pazia, yanavuliwa sauti ya mwenye nayo, yanavishwa nyingine. Kiti anaweza kuwa yeyote kati ya wale waliokaa humo ndani, anakunywa nao chai, anawacheka nao wanaochelewa. Kampuni ilisema imechoka na ugomvi wa nani amemwamuru nani. Watu watii neno, wasitazame gauni wala suruali.

"Waliponisikilizisha sauti ya Kiti siku ile ya kwanza," Sekela akasema, "ilikuwa sauti tu. Si ya kike, si ya kiume. Kama ile inayotaja vituo kwenye treni."

"Ndiyo hiyo."

"Siyo hiyo. Leo Mzee Ambakisye wa valvu kasema shikamoo Kiti, na mimi nikajibu kama siku zote, 'Salama baba, asante.' Mkunde, nikasikia mtu anakohoa. Kakohoa kwanza, kama mzee anayetaka kufungua kikao cha ukoo. Halafu kwa kifua kizito, 'Marahaba.'"

Mkunde akakaa juu ya kreti ya soda. Yeye ndiye fundi wa Pazia, na kwa ajili ya kazi hiyo alikuwa mtu pekee pale kituoni aliyejua kwamba Kiti ni huyu huyu Sekela Mwaipopo, mhandisi msaidizi, msichana anayeagizwa sukari ikiisha.

"Umri wa Mzee Ambakisye unaujua?" Sekela akaendelea, mikono kiunoni. "Kamzidi baba yangu. Na mimi nimekaa tu nazipokea shikamoo zake, naitikia kama bibi kizee. Kwetu nyumbani wakisikia, wananipeleka kwa mchungaji."

"Nani aliwaambia wamwamkie Kiti?"

"Hakuna. Walianza wenyewe."

"Hebu tulifungue tuone," Mkunde akasema, na macho yake yalishaanza kung'aa. Mkunde ni mtu ambaye ukimwambia redio yako imekufa, anafurahi.

Pazia lenyewe lilikuwa humo humo stoo, sanduku la kijivu lisilo na urembo, limewekwa nyuma ya magunia ya chumvi ya kusafishia mabomba. Mkunde akachomeka kioo chake cha kusomea mitambo, akaanza kupekua, huku anahema juu juu kama mtu anayechungulia nyumba ya jirani.

"Ona hapa. Linapima kitu kimoja tu. Amri ikitoka, mkono wa fundi unachukua muda gani kufika kwenye valvu. Muda ukipungua, linajipongeza, linabaki hapo hapo. Ukirefuka, linajaribu sauti nyingine. Kidogo tu, huwezi kuijua. Kesho tena kidogo."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo likashuka, likashuka, likazeeka. Hakuna aliyeliambia liwe babu. Masikio ndiyo yamelizeesha."

"Masikio ya wanaume, akina Luhende."

Mkunde akapekua tena. "Na ya wanawake, shoga yangu. Tena sisi ndio tunaoruka upesi zaidi babu akikohoa. Na wewe umo. Angalia, hii ni ile zamu ya Kiti aliyekutangulia, kabla hujapewa. Sauti ndiyo kwanza imeanza kushuka, na wewe ulikuwa unaruka kama panzi."

Sekela akainama karibu zaidi na kioo. "Na haya mekundu?"

"Maneno linayokata. 'Naomba' limeitupa. 'Tafadhali' limeitupa. 'Jamani' haipo. Linaona yanachelewesha."

"Sasa kati ya mimi na hilo sanduku, anayeongoza ni nani?"

Mkunde akachomoa kioo. "Rudi kazini kabla hawajakutafuta. Naipeleka hii kwa mkurugenzi, kwa Mama Kokuteta, sasa hivi."

*

Sekela alitakiwa arudishe zile hedifoni. Hakurudisha. Mtu ukishasikia sauti yako ikiwa na ndevu, utaacha kweli kuisikiliza tena?

Alikaa kwenye meza yake, pembeni ya Luhende. Huyu ni mhandisi mwenzake, kijana wa Shinyanga, mtanashati mpaka kwenye ovaroli, viatu vinang'aa utadhani anakwenda kuposa. Walimaliza chuo mwaka mmoja. Mbele yao kioo kikubwa kilionyesha visima vyote vya mvuke, na mshale wa Kisima cha Nne ulikuwa umeanza kupanda.

Sekela akaona nafasi ya kujaribu kitu. Akasema kwa mdomo wake, waziwazi, sikioni kwa Luhende: "Nne inapanda. Tungeipunguza kidogo."

"Dada Sekela, tulia basi. Kiti akiona hatari atasema."

"Wewe huoni?"

"Naona. Ila yule babu anajua kuliko mimi na wewe. Wewe tulia, ujifunze."

Sekela akatulia. Akafunga mdomo, akautazama mshale, akasema kimoyomoyo: "Naomba tuipunguze Nne, taratibu. Baba Ambakisye, jiweke mbali na bomba."

Masikioni mwake kikohozi. Kisha, "Punguzeni Nne. Ambakisye."

Basi, hayo tu. Neno taratibu limekatwa, na mvuke una tabia yake. Ukifunga valvu kwa pupa, mvuke uliokuwa unakimbia unakosa njia, unajirudi, unalipiga bomba kama nyundo. Na Ambakisye, aliyesikia akitajwa jina lake na Kiti, alishalidaka gurudumu la valvu kwa mikono miwili na kulizungusha kwa nguvu zake zote.

"Taratibu," Sekela akasema kimoyomoyo. "Taratibu, taratibu." Masikioni hakukuja kitu; Pazia lilikuwa linalitupa kila mara. Akasimama, akapiga kelele kwa mdomo, na kelele yake ikamezwa na ngurumo ya kituo.

Bomba likapiga. Sakafu ikaruka. Mpira wa kiungio ukapasuka, mvuke ukatoka mweupe na kumpata Mzee Ambakisye mkononi, kuanzia kiwiko kushuka chini.

Walimvuta, wakammwagia maji ya baridi, wakamkalisha. Alikuwa anauma meno, na mtu alipomuuliza imekuwaje, alitikisa kichwa kama anayejionea aibu.

"Kiti kasema punguzeni. Mimi nikafunga kwa pupa. Umri huu wote, sijui nilikuwa nakimbilia nini."

"Kiti hana kosa kabisa," Luhende akasema huku anamfunga bandeji. "Alishaona mapema. Hata Dada Sekela alikuwa anababaika hapa, babu keshatoa amri."

Sekela alikuwa amemshikia mzee chupa ya maji. Aliendelea kuishikilia hata ilipokwisha, mpaka mzee mwenyewe ndiye akampa pole.

*

Mchana aliitwa chumba cha wageni. Mama Kokuteta, mkurugenzi wa kampuni, alikuwa Bukoba, lakini picha yake ya mwanga ilikuja ikakaa kwenye sofa, na kivuli chake juu, na kikombe chake cha kahawa mkononi.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu. Pole na msukosuko. Nianze na habari njema. Tumekaa, tumekubaliana, tunataka ushike vituo vyote vitatu. Kiti Kikuu. Hakuna wa umri wako aliyewahi kufika hapo."

Jambo kama hilo ukiambiwa siku nyingine unaruka juu. Sekela alibaki anautazama ule mvuke wa kahawa ambao haukuwa na harufu.

"Na Mzee Ambakisye?"

"Amekiri alifunga kwa pupa. Mkono ukipona atakaa getini mpaka astaafu."

"Mama, mimi nilisema taratibu."

"Najua. Mkunde ameniletea."

Sekela akainua uso.

"Pazia litafundishwa lisikate neno hilo," Mama Kokuteta akasema. "Leo leo. Hilo limekwisha."

"Lakini yeye anadhani kosa ni lake. Watu wote wanadhani."

"Kuwaonyesha ni kuifungua sauti yako halisi waisikie. Na sauti ya Kiti haifunguliwi mpaka Kiti mwenyewe avue pazia. Ukishavua, huvai tena. Kanuni hiyo niliiandika mimi, na sikuiandika kwa ubaya." Akaweka kikombe chini. "Sekela, mimi nilianza kazi mgodini. Nina shahada yangu, wananiita mama chai. Nikipandisha sauti, nina hasira. Nikinyamaza, sina uwezo. Nikivaa vizuri, najipitisha. Nguvu zangu zote za ujana ziliishia kwenye kutafuta kusikilizwa, kazi yenyewe nikaifanya kwa makombo. Wewe nimekuondolea hayo. Umeingia, umeongoza. Hujui hiyo ni zawadi ya namna gani."

"Nimeongoza mimi au kaongoza babu?"

"Akili ni ya nani?"

"Yangu."

"Basi. Sauti ni nguo tu."

"Nguo gani inayomkata mtu ulimi, Mama?"

Mama Kokuteta akacheka kidogo, bila furaha. "Wakuu wa zamu kwenye vituo vyangu vitatu, wawili ni wanawake. Hakuna aliyegoma, hakuna aliyenuna."

"Kwa sababu hawajui. Wasichana wa chuo wakija hapa kutembea, wanasikia nini? Wanasikia babu anakohoa. Wanaondoka wanajua hapa ni kwa mababu."

"Na ukivua," mama akasema, sasa kwa upole wa kweli, "kesho kisima kikipanda, watu wataanza kutazamana kwanza. Je, tumtii? Si mdogo huyu? Huko kutazamana kutaunguza watu, mwanangu. Siyo mkono tu. Umelifikiria hilo?"

Sekela alikuwa hajalifikiria. Hapo ndipo alipokwama hasa, kwa sababu lilikuwa kweli. Alijaribu kulizunguka huku na huku, likabaki pale pale. Sauti ya babu imeunguza mtu mmoja. Sauti yake inaweza kuunguza wangapi?

"Kikao cha Ambakisye ni saa tisa," Mama Kokuteta akasema. "Ukikaa kimya, nitajua umekubali." Kisha sofa ikabaki tupu.

*

Saa tisa walikusanyika chumba cha mitambo, mlango mzito umefungwa ili wasikilizane kwa midomo. Mzee Ambakisye alikaa mbele, mkono umefungwa na kuning'inizwa shingoni. Alikuwa amevaa koti lake la Jumapili. Luhende alisoma maneno ya kampuni kwa sauti ya kumwonea huruma, akafika kwenye neno "getini", akakohoa kidogo.

"Mzee, una la kusema?"

"Sina. Nashukuru hawakunifukuza."

Sekela akasikia mwenyewe miguu yake ikisimama. Akapeleka mkono kooni, akabandua kile kibandiko na kukiweka mezani. Kilikuwa kimekaa kooni muda mrefu mpaka ngozi chini yake imekuwa nyeupe.

"Mzee hakukosea. Kiti alisema taratibu, Pazia likalikata. Kiti ni mimi."

Kisha Luhende akacheka.

"Dada Sekela, kaa. Mizaha mingine tuwe tunaiacha kwa siku ya harusi."

"Mkunde," Sekela akasema, "fungua."

Mkunde alikuwa amesimama mlangoni na kioo chake, uso umemvimba kwa kuzuia asiseme. Akagusa. Sauti ikatoka kwenye spika zote, ya msichana, nyembamba kidogo, yenye lafudhi ya Tukuyu isiyofichika: Naomba tuipunguze Nne, taratibu. Baba Ambakisye, jiweke mbali na bomba. Kisha ile taratibu, taratibu iliyofuata, ambayo hakuna aliyeisikia asubuhi.

Luhende akakaa chini kabla hajakitafuta kiti, kidogo adondoke.

Mzee Ambakisye hakutikisika. "Na asubuhi," akauliza polepole, "nikikuamkia, ulikuwa unanijibuje?"

"Nilikuwa nasema salama baba, asante."

"Siku zote?"

"Siku zote. Marahaba sijaisema hata mara moja. Nimeisikia leo kama nyinyi."

Mzee akalitazama lile koti lake, akapangusa kitu ambacho hakikuwepo. "Kwa hiyo shikamoo zangu zote zile," akasema, "zilikuwa zinamwendea nani?"

Kuna mtu nyuma aliyecheka, akanyamazishwa na mwingine, naye akaanza kucheka. Mzee mwenyewe hakucheka. Hakukasirika pia. Alikuwa na uso wa mtu anayehesabu upya jambo alilodhani amelimaliza.

"Mimi nilimwambia mke wangu," Luhende akasema kama anaongea na viatu vyake, "kwamba hapa nalelewa na babu mmoja hodari. Sasa nitamwambia nini?"

"Kwa hiyo mkuu ni nani?" mmoja wa mafundi akauliza. "Leo, sasa hivi. Nani?"

Kabla mtu hajajibu, kioo kikageuka rangi ya chungwa. Kisima cha Nne, tangu bomba lilipopiga asubuhi, kilikuwa hakijatulia, na sasa mshale ulikuwa unakwea tena. Watu wote wakafanya kitu kimoja bila kupanga. Waliinamisha vichwa kidogo upande, wanasikiliza. Wanangoja kikohozi.

Hakikuja.

"Tunapunguza Nne," Sekela akasema kwa mdomo wake. "Taratibu. Luhende, nenda wewe."

Luhende hakuinuka. Alimtazama Sekela, halafu macho yakaenda, kama maji yanavyojua mteremko, moja kwa moja kwa Mzee Ambakisye. Na wengine nao. Wote wakamtazama mzee, wanangoja anyanyue hata nyusi.

Mzee Ambakisye aliona. Aliona vizuri kabisa wanachomwomba. Akageuza kiti chake, kwa mkono ule mmoja mzima, kikakwaruza sakafu, akawapa mgongo, akakaa anatazama ukuta.

Ulikuwa ukuta mtupu, umepakwa rangi ya krimu. Aliutazama kama sinema.

Mshale ukapanda tena kidogo.

"Luhende," Sekela akasema. Hakuongeza 'naomba' na hakuipunguza sauti. Ilitetemeka, akaiacha itetemeke. "Nne. Robo mzunguko, usubiri, robo nyingine. Nitakuwa nakuangalia."

Luhende akaguna. Akainuka kama mtu aliyeamshwa. Akavaa hedifoni, akavaa glavu moja, akatafuta ya pili, akatoka na kelele ya mvuke ikaingia mlangoni na kufungiwa tena nje. Lile sanduku la kijivu lingepima mwendo wake lingekasirika. Kupitia kioo cha dirisha walimwona akifika kwenye gurudumu, akalisogeza robo, akageuka kumtazama Sekela. Sekela akainua kiganja: subiri. Akasubiri. Kisha kiganja kikashuka, akaongeza robo.

Bomba halikupiga. Mshale ukasita, ukafikiri, ukaanza kushuka.

Chumba kikahema. Mezani simu ya Sekela ilikuwa inawaka jina la Mama Kokuteta, inazima, inawaka. Akaigeuza kifudifudi.

Luhende akarudi akiwa amelowa ukungu, viatu vyake vimechafuka. Akasimama katikati ya chumba, hajui akae wapi.

"Imetulia," akasema, na baada ya kumeza mate, "Kiti."

Mzee Ambakisye akageuza kiti chake, akawatazama mmoja mmoja kama mtu aliyerudi safari.

"Shikamoo baba," Sekela akasema.

"Marahaba mwanangu." Akajiweka sawa. "Sasa tuambie. Walikuchaguaje, kwa nini hukusema, umekuwa ukitucheka tangu lini. Tunataka yote."

Walikuwa wameshavuta viti. Mkunde alishakaa chini kabisa, na yeye aliyekuwa anajua karibu yote ndiye aliyeonekana na njaa kuliko wenzake. Sekela akautazama mshale wa Nne, ambao ulikuwa bado haujalala sawasawa, akachukua kibandiko chake mezani na kukitia kwenye pipa la taka.

"Leo tuna kisima cha kulinda," akasema. "Kila mtu mahali pake, na wa valvu waniangalie mkono. Hayo mengine nitawaambia kesho asubuhi, hapa hapa, kwa mdomo wangu."